Kujenga violezo vya mandhari vinavyotumika tena katika misheni za DCS World: mnavipangaje?

Mpambaji_Uwanja aliuliza:

Habari za wakati huu, ndugu wanajukwaa.

Ninatengeneza misheni za DCS World, mchezo wa kompyuta wa kuigiza urukaji wa ndege za kivita, kwa ajili ya kikundi kinachoruka pamoja mtandaoni, na kinachonila muda kuliko vyote si vichochezi (amri zinazofanya jambo litokee sharti fulani likitimia) wala njia za adui, bali ni kupamba mahali. Kambi ya mbele ya helikopta inataka mahema, makontena, malori ya mafuta, mifuko ya mchanga, masanduku ya risasi na minara ya taa. Uwanja wa ndege nao unataka ndege zilizoegeshwa, magari ya kuvutia ndege na watu waliosimama pembeni. Kila kitu nakiweka kwa mkono na kukigeuza kwa mkono, halafu misheni inayofuata naanza upya.

Najua kwamba kihariri cha misheni kina njia ya kuhifadhi vitu tuli, yaani vitu visivyosogea, kama kiolezo na kukipakia katika misheni nyingine, na nimeshaitumia. Tatizo ni kwamba kambi yangu, kila nikiipakia, inatua pale pale ilipojengwa mara ya kwanza, ilhali mimi naitaka kambi hiyo hiyo katika bonde la pili, tena ikiwa imeelekezwa upande mwingine. Isitoshe, nikiipakia katika misheni ambayo nchi zimegawanywa kwa namna tofauti, mambo yanavurugika. Naomba wenye uzoefu mnieleze mnavyovipanga violezo vyenu: vikubwa au vidogo, kwa kihariri au kwa skripti (programu ndogo inayoendeshwa ndani ya misheni), na ni wakati gani wingi wa vitu unaanza kuzielemea mashine za wachezaji.

Fundi_wa_Misheni alijibu:

Karibu, mkuu. Ni vyema tuanze na kile ambacho kiolezo kinakibeba hasa, kwa sababu nusu ya maswali yako inajibika hapo.

Faili la kiolezo tuli, lile lenye kiambishi .stm, huhifadhiwa katika folda ya StaticTemplate iliyomo ndani ya folda ya DCS kwenye Saved Games, na yaliyomo ni maandishi ya kawaida ya lugha ya programu ya Lua unayoweza kuyasoma kwa programu yoyote ya kuhariri matini. Ukilifungua utakuta kila kitu kimeandikiwa aina yake, jina lake, nchi yake, mwelekeo wake, na majiranukta mawili, x na y, kwa mita. Majiranukta hayo huhesabiwa kutoka kitovu cha ramani nzima, wala si kutoka katikati ya kambi yako. Programu haina habari kwamba hema na lori lililo kando yake ni vitu vya kambi moja. Inachokijua ni mahali pa kila kimoja juu ya ramani, basi. Ndiyo maana kambi inarudi pale pale, na ndiyo maana kiolezo kilichojengwa katika ramani ya Caucasus hakiwezi kukufaa katika ramani ya Syria.

Kwa hiyo mimi hugawa kazi mafungu mawili. Fungu la kwanza ni mandhari yaliyofungwa na mahali: viwanja vya ndege, bandari, vituo vya treni, kambi za kudumu. Uwanja wa ndege wa Batumi hauhami, wala wa Incirlik hauhami, na kwa mahali kama hapo faili la .stm linatosha kabisa bila ujanja wowote. Fungu la pili ni mandhari yanayohamahama, yaani kambi za helikopta, vizuizi vya barabarani, ngome za mizinga na vituo vya makombora, na hilo nitawaachia wenzangu wa skripti. Nitaongeza tu kwamba kihariri kina aina nyingine ya violezo, vile vya vikundi vya magari ya ardhini, ambavyo hupandwa popote unapobofya kwenye ramani. Kituo cha makombora chenye rada na mitambo inayofanya kazi kweli ni heri kiwekwe kwa njia hiyo, kisha mapambo yake, yaani mahema na kuta za udongo, yafuate kwa njia nyingine.

Jenga kila kiolezo katika misheni tupu isiyo na kitu kingine, ukiwa katika ramani husika, na uihifadhi misheni hiyo yenyewe pamoja na kiolezo. Hiyo ndiyo karakana yako. Siku utakapotaka kurekebisha utarudi huko, wala hutachokonoa kiolezo kilichokwisha kupakiwa ndani ya misheni yenye vichochezi tele.

Kuhusu nchi, ugomvi unatokana na ukweli kwamba kila kitu katika kiolezo kina nchi, na nchi hiyo katika misheni lengwa inaweza kuwa upande wa pili. Tumia CJTF Blue na CJTF Red. Hizo ni nchi za kubuni zilizowekwa kwa ajili ya hali kama hii, zinamiliki karibu vifaa vyote vya mchezo, na watengenezaji wengi huziacha katika pande zao za asili. Mapambo yasiyo shabaha ya mtu yeyote, kama makontena ya bandarini, mimi huyaweka chini ya nchi isiyofungamana na upande wowote.

Majina nayo yasiachwe yale yanayotolewa na kihariri. Kila kiolezo kiwe na kiambishi chake mwanzoni mwa jina, kwa mfano KMB_MAFUTA_hema_01, ili ukitazama orodha ndefu ujue kitu kimetoka wapi, na ili skripti iweze kukusanya vyote vyenye mwanzo huo na kuviondoa kwa pamoja.

Tahadhari ya mwisho ni kwamba kiolezo hakibebi vichochezi, na hilo linauma zaidi kambi inapokuwa msituni. Miti ya ramani huondolewa kwa kichochezi kinachofuta vitu vya mandhari ndani ya eneo fulani. Usipokiunda upya katika kila misheni, utakuta mti umetokeza katikati ya paa la hema. Mimi huandika ndani ya maelezo ya kiolezo kwamba kinadai eneo la nusu kipenyo fulani lifutwe miti, ili nisilisahau hilo baada ya miezi.

Pembe_na_Mita alijibu:

Ndugu Fundi ameeleza vizuri, nami nichukue fungu la pili.

Kinachotakiwa ni kubadilisha majiranukta ya ramani yawe majiranukta ya kambi. Chagua kitu kimoja kiwe nanga, kwa mfano nguzo ya bendera au katikati ya kiwanja cha kutua, kisha kwa kila kitu kingine toa x na y za nanga. Utabaki na orodha fupi inayosema kwamba hema liko mita 30 kaskazini mwa nanga (x) na mita 10 mashariki mwake (y), na kadhalika. Hiyo ndiyo kambi yako halisi, haina ramani wala nchi. Wakati wa kuipanda unaipatia mahali papya pa nanga na pembe ya kuigeuzia, nayo skripti inakokotoa yaliyobaki na kuita coalition.addStaticObject, amri ya kupanda kitu tuli, kwa kila kitu.

Hesabu yenyewe ni ya darasani. Ikiwa pembe ni θ, x mpya ni x mara kosini ya θ kutoa y mara sini ya θ, na y mpya ni x mara sini ya θ kujumlisha y mara kosini ya θ. Halafu θ hiyo hiyo unaijumlisha katika mwelekeo wa kila kitu. Tuchukue hema letu la mita 30 kaskazini na 10 mashariki, tuigeuze kambi nyuzi 90 kwa mwendo wa saa. x inakuwa −10 na y inakuwa 30, yaani hema sasa liko mita 10 kusini na mita 30 mashariki mwa nanga. Chora kwenye karatasi utaona kwamba ni sawa. Kumbuka kwamba mwelekeo ndani ya faili huandikwa kwa radiani, si kwa nyuzi, hivyo nyuzi 90 ni takriban 1.5708. Ukisahau kujumlisha pembe katika mwelekeo, vitu vitakaa mahali pake lakini kila kimoja kitakuwa kimetazama kule kilikotazama zamani, na safu ya malori iliyokuwa nadhifu itakuwa imekaa upande upande.

Kuna mtego ambao huwapata karibu wote wanaoanza. Katika faili la misheni na katika jedwali unalolipa addStaticObject, x ni kaskazini na y ni mashariki. Lakini nukta za pande tatu zinazorudishwa na skripti, kwa mfano unapoiuliza ndege iko wapi, zina x kaskazini, y ambayo ni kimo, na z ambayo ndiyo mashariki. Anayechukua y ya ndege na kuitumia kama y ya kambi ataipanda kambi mbali kabisa na alipotarajia, pengine baharini.

Jina la kila kitu lazima liwe la pekee. Ukipanda kitu tuli chenye jina ambalo tayari linatumika, kile cha kwanza kinaondolewa. Mtu anapanda kambi ya pili na kuona ya kwanza imeyeyuka, anadhani ni hitilafu ya mchezo, kumbe ni majina tu. Skripti iongeze namba ya kambi mwishoni mwa kila jina.

Kabla ya kupanda, iulize ardhi kwanza. land.getSurfaceType inakuambia kama nukta ni nchi kavu, maji, barabara au njia ya kurukia ndege, na land.getHeight inakupa kimo. Mimi hupima vimo vya pembe nne za kambi na katikati. Tofauti ikizidi mita chache, skripti inakataa na kutoa ujumbe. Kambi iliyopandwa kwenye mteremko huwa na kontena lililozama upande mmoja na kuelea upande wa pili, na hakuna upambaji unaoweza kuificha hali hiyo.

Usitegemee pia kusoma orodha yako kutoka faili lililo nje ya misheni. Kwa kawaida mchezo huzizuia moduli za io na lfs, zinazoshughulika na mafaili ya kompyuta, kwa ajili ya usalama, na kuzifungua kunamtaka kila mwenye seva ahariri faili la MissionScripting.lua kwenye mashine yake. Ni salama zaidi orodha yenyewe iandikwe kama jedwali la Lua na kupakiwa ndani ya misheni kwa kichochezi cha skripti. Faili la .miz ni kifurushi cha zip tu, nayo skripti itasafiri humo humo.

Kama hutaki kuandika yote haya mwenyewe, maktaba za MIST na MOOSE zina njia za kupanda vitu tuli. Bado utahitaji kuielewa nanga na pembe, lakini kazi ya mikono itapungua.

Mwewe_wa_Kale alijibu:

Niongeze neno kutoka upande wa IL-2, mchezo mwingine wa ndege za kivita, kwa kuwa mawazo ni yale yale na huenda yakasaidia kuona kwamba tatizo hili si la mchezo mmoja.

Katika IL-2 ya zamani, ile iliyoanza 2001, faili la misheni ni matini tupu, na vitu vilivyosimama vimeorodheshwa chini ya kichwa cha NStationary, kila kimoja mstari wake: jina, aina, upande, x, y na mwelekeo. Watu walikuwa wakikata mistari ya uwanja mzima kutoka misheni moja na kuibandika katika nyingine kwa programu ya kuandikia, na waliojua hesabu walipitisha namba kwenye lahajedwali ili kuusogeza uwanja. Ndugu Pembe amelieleza jambo lile lile kwa zana za leo.

Katika IL-2 Great Battles kihariri chenyewe kina dhana ya kundi. Vitu pamoja na mantiki yake, yaani vipima muda, amri na vichochezi, vinaweza kuhifadhiwa katika faili la .Group na kuingizwa katika misheni nyingine, na viungo kati yao vikabaki. Huo ni ubora mkubwa ambao wa DCS hawana budi kuufidia kwa skripti. Hata hivyo unadai nidhamu: jengo au kitu kisichounganishwa na mantiki kiachwe bila ile alama ya kiungo ambayo kihariri hukipa kwa amri maalumu, maana kitu chenye kiungo kinafuatiliwa na misheni muda wote, ilhali kisicho nacho ni pambo jepesi. Wengi huweka viungo kila mahali kwa mazoea, kisha wanalalamika kwamba seva inakokota.

Seva_ya_Usiku alijibu:

Kuhusu swali la uzito, sitakutajia idadi, kwa sababu inategemea ramani, mashine na kinachoendelea katika misheni. Ninachoweza kusema ni kwamba kitu tuli hakina akili ya kufikiri. Hakitafuti adui, hakipangi njia, kwa hiyo mzigo wake kwa kichakataji ni mdogo sana kuliko gari hai la aina ile ile. Lakini lazima kichorwe, na kila mchezaji anayeingia lazima apokee habari zake. Lori la mafuta ambalo halitakwenda popote liwe kitu tuli, hilo halina mjadala.

Jiulize atakayeitazama kambi hiyo ni nani na atakuwa wapi. Rubani wa helikopta atatua hapo, atazima injini, ataona mapipa, taa na masanduku mmoja mmoja. Rubani wa ndege ya kushambulia anayepita futi 15,000 ataona safu, vivuli na umbo la uzio. Kwa hiyo nina matoleo mawili ya kila kambi: toleo kamili kwa mahali wachezaji watakapotua, na toleo jepesi lenye mahema, magari na kuta tu kwa mahali patakapotazamwa kutoka juu. Yote mawili yana nanga moja, hivyo kubadilisha moja kwa jingine ni kubadilisha jina la jedwali.

Vitu tuli katika DCS havina ule uwezo wa kuchelewa kutokea walio nao wapiganaji hai. Ukitaka kambi itokee baadaye, kwa mfano baada ya kijiji kutekwa, ni lazima ipandwe kwa skripti, na ukitaka iondoke utaiita StaticObject.getByName kisha destroy. Hapo ndipo kiambishi cha jina alichokitaja Fundi kinapolipa.

Kwa viwanja vya ndege nina onyo moja: ndege za mapambo ziegeshwe mbali na njia za kupitia ndege na mbali na nafasi ambazo ndege za misheni zitazitumia. Ndege inayoendeshwa na kompyuta hufuata njia yake ya kwenda kwenye njia ya kurukia na haikwepi lori uliloliegesha hapo kwa uzuri. Jaribu kila kiolezo cha uwanja kwa kuziamuru ndege kadhaa za kompyuta ziwake, zitembee na ziruke, kabla ya kukikabidhi kwa mtu mwingine.

Halafu kuna suala la kufanana. Wengine watakuambia violezo vinafanya misheni zote zionekane pacha, na mimi sikubaliani nao moja kwa moja, kwa sababu majeshi yenyewe hujenga kwa mwongozo. Kituo cha kombora la kutungulia ndege la S-75 kilipangwa na Wasovieti kikiwa na mitambo sita ya kurushia kuizunguka rada yake, na umbo hilo la nyota lilitambulika kutoka angani huko Vietnam kiasi kwamba baadaye vituo vilianza kupangwa kwa namna isiyotambulika kwa urahisi. Basi S-75 zako za mwanzoni zikifanana, ni haki yake. Kinachosaliti kiolezo ni vitu vidogo: pipa lililoanguka pembe ile ile, lori lenye mlango uliotazama uzio ule ule katika kambi zote. Acha mpangilio mkuu kama ulivyo, kisha iruhusu skripti iache kupanda baadhi ya vitu vidogo kwa bahati nasibu na kuvigeuza vingine nyuzi chache. Mafuta na risasi za kambi ya helikopta usiviingize katika bahati nasibu hiyo, kwa kuwa vikikosekana au vikiwa mbali mno, helikopta haitapata huduma.

Mpambaji_Uwanja aliandika:

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Nimeielewa nanga, nimebadilisha nchi kuwa CJTF, na kambi ya mazoezi imegeuka nyuzi 90 kama ilivyoelezwa, hema likiwa kusini mashariki mwa nguzo. Nina swali moja lililobaki: sitaha ya manowari ya kubeba ndege. Nanga yake inatembea, na skripti hupanda vitu mara moja tu. Nifanyeje ili magari na ndege za mapambo zisibaki zikielea baharini meli ikiondoka?

Pembe_na_Mita alijibu:

Hiyo ni rahisi kuliko kambi, mkuu. Katika kihariri, kitu tuli kina nafasi ya kuunganishwa na kitengo kingine. Kiunganishe na meli, washa chaguo la kutunza umbali wake kutoka kwenye meli, nacho kitasafiri nayo na kupinda nayo. Ndani ya faili utaona sehemu ya offsets yenye x, y na angle, ambazo tayari zimehesabiwa kutoka kwenye meli yenyewe, wala si kutoka kitovu cha ramani. Kwa maneno mengine, mchezo umeshakufanyia kazi ya nanga.

Angalia tu kwamba kiungo hicho kinaelekeza kwenye namba ya utambulisho ya meli, na namba hiyo hubadilika kati ya misheni na misheni. Hivyo hifadhi sitaha pamoja na meli yake katika kiolezo kimoja, au kama unapanda kwa skripti, muulize mchezo namba ya meli kwanza kisha uijaze katika kila kitu.

Seva_ya_Usiku alijibu:

Na uhifadhi angalau sitaha mbili. Moja ya wakati wa kuruka, ambapo ndege za mapambo zimesogezwa nyuma na manati (mitambo ya kurushia ndege) zote za mbele ziko wazi; nyingine ya wakati wa kutua, ambapo eneo lote la kutua lililokaa kwa pembe halina kitu na ndege zimerundikwa mbele. Kabla ya kuzigawa, ziweke ndege za kompyuta zitue zote moja baada ya nyingine na utazame zinakokwenda kuegesha, kwa sababu ndipo utakapojua ni gari gani limekaa njiani.